Mkono wa Prof Salomon Ndani ya Moteri

Beni nzima hakuna mtu anayejua gari kumshinda Prof Salomon Syauswa. Ukibisha, muulize mwenyewe!

Atakuambia kwamba moteri ni fizikia tu, na fizikia ndiyo anayoifundisha katika sekondari moja hapa mtaani Bungulu, kwa chaki na kwa sauti kubwa. Atakuambia mafundi wa gereji ni watu waliokariri. "Beko nafungua na kufunga tu," husema. "Hapana kujua ju ya nini." Yeye anajua ju ya nini, yaani sababu yake. Kufungua na kufunga ndiko alikokuwa hajawahi kujaribu.

Gari lenyewe alikuwa nalo miezi minne. Gari dogo la Kijapani, usukani upande wa kuume, rangi ya majivu, limepigwa picha nyingi kuliko bibi harusi. Tatizo ni kiwanja. Kiwanja cha Prof ni chembamba, basi gari hulala limebanwa kati ya ukuta wa jikoni na uzio wa mbao wa jirani yake, Daudi. Mlango wa dereva haufunguki hata kwa maombi. Prof huingia kwa mlango wa abiria, akajipindapinda kama mtu anayevaa suruali ya mdogo wake, akavuka gia, akatua. Akishatua, hushusha kioo na kupiga honi mara mbili ili mtaa ujue ametua.

Sasa Jumamosi hiyo kulikuwa na jambo. Mama mkwe alikuwa anakuja!

Mama Orpa, mama yake Joyeuse, mke wa Prof, anakaa Butembo. Alikuwa anakuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, Ariel, mwenye wiki tano, na kumwogesha kwa mikono yake, kama nyanya wa kwetu anavyotakiwa. Na si nyanya wa kuchezea. Ni mjane wa msafirishaji. Miaka ishirini alikaa ndani ya lori pembeni ya marehemu mumewe, mpakani Kasindi kwenda, Kasindi kurudi, na lori likizimika njiani hakuwa mtu wa kubaki amekaa kitini.

Siku ya mahari, mbuzi wamekwisha kuhesabiwa, wazee wamekwisha kuridhika, Mama Orpa aliangalia mikono ya Salomon akasema mbele ya ukoo mzima: "Mukwe iko na mikono ya chaki. Aoe tu, hapana shida. Mais siku gari itakufa mu njia, nani atafunguaka kapo aangalie moteri?"

Ukoo ulicheka. Wazee walicheka mpaka kofia zikaanguka. Salomon peke yake hakucheka, na neno hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Ndiyo maana alinunua gari. Ndiyo maana aliapa kwamba Mama Orpa hatapanda taksi ya mtu. Saa tatu kamili ya Jumamosi yeye mwenyewe angekuwa mlangoni kwake Butembo, shati jeupe, moteri ikiimba. Akifaulu, neno la chaki limekufa na kuzikwa. Akikosa, litarudi, na safari hii hata yeye atalazimika kucheka.

Ijumaa jioni Joyeuse akamharibia usingizi.

"Papa Ariel, maman anasikiaka moteri na masikio, sawa vile docta anasikia kifua. Hii yako iko nakohoa. Mafuta yake ilishakuwa nyeusi."

"Kesho asubuhi nitafanya vidange," Prof akajibu. "Nitamwaga mafuta ya zamani, nitatia ya mupya, nitabadilisha filtre ya kuchuja mafuta. Nusu saa!"

"Utaita fundi?"

Prof alimtazama mkewe kwa huzuni, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosea swali la kwanza.

Saa kumi na mbili asubuhi kapo ilikuwa wazi. Shati jeupe alilitundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni lisichafuke, akabaki kifua wazi, na tumbo lake dogo la mtu ambaye mshahara umefika miezi miwili mfululizo. Daudi akachungulia juu ya uzio. Daudi ni msafirishaji, ana minibasi, ameswali alfajiri na yuko tayari kuondoka.

"Prof, habari ya kuamka? Minaenda Butembo sasa hivi. Nikuletee mukwe?"

"Daudi, mukwe ni mufuko ya viazi? Mama mukwe anafuatwa na kijana yake!"

"Haya." Daudi akaangalia moteri. "Mais iyi aina ya gari, filtre yake iko nyuma kabisa, kati ya moteri na ukuta ya chuma. Bafundi banapitiaka chini. Ungoje nikuitie mutu mumoja..."

"Nusu saa, Daudi! Ni fizikia!"

"Inshallah," akasema Daudi, kwa sauti ya mtu ambaye hayumo, akawasha minibasi yake akaenda zake.

Prof alianza vizuri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alilala ubavu kwenye mavumbi, akanyoosha mkono chini ya tumbo la gari, akapata ile skuruu ya kumwagia mafuta, akaizungusha. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mafuta yakitoka lazima yaingie mahali. Akakurupuka, akaingia jikoni, akachukua chombo cha kwanza chenye mdomo mpana. Kilikuwa beseni la bluu, jipya kabisa, la kumwogeshea Ariel, alilolituma Mama Orpa mwenyewe kutoka Butembo siku mtoto alipozaliwa. Prof hakulitazama mara mbili. Wanasayansi hawatazami rangi.

Mafuta yakashuka meusi tititi.

Ikabaki filtre. Kwa chini haiwezekani, maana gari liko chini na tumbo la Prof liko juu. Akaamua kwa juu. Akaingiza mkono wa kuume nyuma ya moteri, vidole vimenyooka, kati ya bomba moja nene na ukuta wa chuma. Mkono ukapita. Ukapita kiwiko. Akapapasa, shavu limelala juu ya betri, macho yamefumbwa. Akagusa kitu cha duara.

"Njo weye!" akasema kwa furaha, maana ndiyo yenyewe.

Akakizungusha. Kikagoma. Akakaza meno, akazungusha tena, kikalegea, kikazunguka, kikaachana na moteri. Filtre hiyo mkononi! Prof akaikamata kwa vidole vyote vitano na kuvuta.

Mkono haukuja.

Akavuta tena. Mkono ulifika kwenye lile bomba ukasimama. Akavuta kwa ukali, na gari zima likatikisika, lakini mkono ulibaki palepale. Ilikuwa saa moja na nusu.

Joyeuse alitoka nje, amembeba Ariel kifuani.

"Papa Ariel, uko nafanya nini?"

"Niko nafikiri."

"Na mukono?"

"Na yenyewe iko nafikiri."

Joyeuse akasogea, akachungulia, hakuona kitu ila giza na chuma. "Mungu wangu! Umekwama!"

"Hapana kusema kukwama! Mukono imevimba kidogo ju ya chaleur. Kila kitu kinavimbaka ikipata moto. Leta maji ya baridi, mukono itajikunja."

Maji ya baridi yakaletwa, yakamwagwa begani. Mkono haukujikunja. Aliyejikunja ni Prof, maana asubuhi ya Beni ina baridi yake. Ikaja sabuni. Povu likajaa mpaka kwenye betri, mkono bado. Mwishowe Joyeuse akaleta mawese, nusu chupa, akamimina kuanzia shingoni. Sasa Prof aling'aa mwekundu upande mmoja, tayari kuliwa pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Nimuite Salama wa gereji?" akauliza Joyeuse.

"Ukiita fundi," Prof akasema polepole, "kesho Butembo yote itajua."

Saa tatu kamili simu ikalia. Joyeuse akaangalia kioo chake, akaangalia mumewe. "Ni maman."

Hapa lazima niseme neno. Mama Orpa ni mtu wa desturi. Kwa desturi hiyo, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, na wakiwa pamoja hawasemeshani ila kupitia mtu wa katikati. Lakini wazee walipoweka hayo simu haikuwepo, na simu haina macho. Basi kwenye simu Mama Orpa na Salomon huongea bila shida yoyote. Joyeuse akamwekea sikioni.

"Mukwe, iko saa tatu. Niko inje na mizigo."

"Maman! Niko mu njia! Niko napanda mulima ya Kabasha, sasa hivi!"

Jogoo wa Daudi akawika juu ya uzio, karibu na sikio lake.

"Nasikia jogoo," akasema Mama Orpa.

"Ni ya hapa mu gari, maman! Nimenunua jogoo ju yako!"

"Ah bon. Wasingya, mukwe, asante sana. Nakungojea."

Joyeuse akachukua simu. "Papa Ariel, kesho iko misa. Utafanya confession na mukono mu moteri?"

"Nisaidie kuvuta, badala ya kuhubiri!"

Wakavuta. Joyeuse alimweka mtoto ndani, akamkamata mumewe kiunoni, akavuta kwa nguvu zote za mwanamke ambaye amekwisha kuona mbele mambo yatakavyokuwa. Kilichotoka ni sauti ya Prof tu. Jua likapanda. Mabati ya jikoni yakaanza kupata moto. Nzi wakasikia habari za mawese, wakaja na jamaa zao.

Saa nne na nusu, simu.

"Mukwe, uko wapi sasa?"

Prof alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hudanganya bila kupima. "Maman, niko Maboya! Ku soko kabisa. Nimekaribia!"



"Maboya? Ku soko?"

"Ndiyo, maman! Naona hata bamama banauzisha viazi!"

"Na miye niko Maboya ku soko," akasema Mama Orpa. "Papa mumoja wa minibasi aliniona nimekaa ku barabara, akanihurumia. Tulisimama tununue viazi. Niko nasimama karibu na bale bamama. Inua mukono nikuone!"

Inua mkono! Prof alifumba macho. Mikono yake yote duniani, na huo ndio alioombwa.

"Maman... allô? Allô? Réseau... krrr... inakatika... krrrr!"

"Mukwe, uko nafanya krrr na kinywa?"

Joyeuse mwenyewe ndiye aliyekata simu, kwa aibu. Wakatazamana. Kutoka Maboya mpaka Beni, kwa minibasi inayoendeshwa na mtu wa dini, ni saa moja na kidogo.

Saa moja hiyo Prof aliitumia vibaya. Aliwaza kukata lile bomba. Aliwaza kukata kauli, aseme ameugua ghafla. Aliwaza hata kuagiza wamfunike na turubai, mama mkwe aambiwe gari limelazwa na Prof amesafiri. Akajaribu kukumbuka sheria zote za fizikia, moja baada ya nyingine, na zote zilimwambia kitu kimoja: mkono ulioingia, ulipoingia ulipita. Mbona sasa haupiti? Hapo sheria zilinyamaza. Na nitasema ukweli, alikaribia kulia. Si kwa maumivu. Aliwaona wale wazee wa Butembo, kofia zao zikianguka tena.

Saa sita kasoro, honi. Minibasi ya Daudi! Mlango wa uzio ukafunguka, akaingia Mama Orpa, mfupi, mwembamba, liputa la kitenge limefungwa vizuri, mkononi ana mfuko wa viazi na vitunguu vya majani. Mbele yake akaona mgongo wa mwanaume, mtupu, mwekundu, unang'aa, na kichwa kimeingia ndani ya gari.

"Yesu Maria!" Akageuka pale pale, uso ukaangalia uzio. "Joyeuse! Huyu mutu hana shati ni nani?"

"Ni bwana yangu, maman."

"Hapana! Bwana yako iko Maboya!"

Daudi, aliyekuwa ameshika mizigo, akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa sandali.

Sasa ilikuwa kazi ya Joyeuse kuokoa desturi. Akatoa liputa refu sandukuni, akampa Daudi ncha moja, yeye akashika nyingine, wakalitandaza katikati ya kiwanja kama pazia. Upande huu Prof na gari. Upande ule Mama Orpa na heshima zake. Na mazungumzo yakapitia kwa Joyeuse, aliyekuwa anaona pande zote mbili na kusikitika pande zote mbili.

"Ambia bwana yako anisalimie."

"Papa Ariel, maman anasema umusalimie."

"Mwambie wabukire, maman."

"Anasema wabukire."

"Mwambie asubuhi ilishapita. Muulize, mukono iko naumia?"

"Hapana, anasema."

"Iko natoka damu?"

"Hapana."

Mama Orpa akafikiri.

"Muulize, mu ile mukono, iko nashika kitu?"

Joyeuse akageuza shingo. "Papa Ariel, uko nashika kitu?"

"Mwambie... niko nashika filtre."

Daudi akakohoa. Pazia likatikisika upande wake.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa moja na nusu, maman."

"Mwambie aachie."

"Maman anasema uachie."

"Mwambie nikiachia, itaanguka!"

"Ianguke," likasema pazia.

"Mwambie iko na mafuta ndani!"

"Joyeuse, muulize bwana yako: mukono iliingia bila kitu. Anataka itoke na kitu. Ni fizikia gani hiyo?"

Swali hilo halikuhitaji kupitishwa. Prof alilisikia vizuri. Akafungua kidole kimoja. Cha pili. Cha tatu. Filtre ikagonga bomba, ikagonga chuma, ikatumbukia chini ndani ya beseni, chubwi! Na mkono ukatoka. Ukatoka taratibu, bila kelele, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

Saa nne na nusu nzima, ndugu zangu! Saa nne na nusu mtu amejifunga mwenyewe, na ufunguo ameukamata mkononi!

Daudi alicheka mpaka pazia likamponyoka. Bahati Prof alikuwa amekwisha kukimbilia shati lake, akalivaa juu ya mawese na yote, likageuka rangi kabla hajafika kifungo cha pili.

Mama Orpa hakucheka. Alijifunga liputa kiunoni, akasogea kwenye gari na kuomba filtre mpya. Akachovya kidole kwenye mafuta safi, akapaka mpira wa duara wa filtre hiyo. Akapitisha mkono wake mwembamba nyuma ya moteri, bila kuchungulia, akizungumza na binti yake habari za wagonjwa wa Butembo. Akazungusha, akakaza kwa kiganja tu, akatoa mkono. Akamwambia Joyeuse amwambie mumewe arudishe skuruu ya chini kabla ya kumimina mafuta, maana wengi husahau. Prof alikuwa amesahau.

Kisha, baada ya kumbusu mjukuu na kumtemea baraka, akaomba beseni amwogeshe.

Sitasimulia kilichofuata. Nitasema tu kwamba Prof Salomon alitumwa sokoni kununua beseni jingine, na alikwenda kwa miguu, na jua la saa nane, na lile shati.

Aliporudi, beseni jipya kwapani, akaona watu mlangoni kwake. Pikipiki mbili, taksi moja, kapo wazi. Moyo ukampanda. Habari imeenea! Imeenea kwamba pale kwa Prof kuna mtu aliyetengeneza gari nyumbani bila gereji! Akanyoosha mgongo, akavuta shati.

"Hapa njo kuko fundi?" akauliza mwenye taksi, kijana mmoja jina lake Kasereka.

"Njo hapa!" akasema Prof. "Eleza tatizo. Moteri ni fizikia tu."

Kasereka akamwangalia, akaangalia beseni. "Hapana weye, Prof. Papa Daudi anasema ni maman mumoja mufupi, alitoka Butembo leo. Iko?"

Prof akaingia. Mama Orpa alikuwa amekaa sebuleni na Ariel mapajani. Prof akasimama mlangoni, akageuza uso ukutani kama inavyotakiwa.

"Mama Ariel," akasema kwa sauti ndogo, "mwambie maman kuko batu banamungojea inje."

Joyeuse akamwambia mama yake. Mama yake akajibu kwa kunong'ona, akaanza kukunja mikono ya blauzi. Joyeuse akamchukua mtoto, akamletea mumewe mlangoni, midomo ameibana asicheke.

"Maman anasema sawa, anaenda kubaona. Weye ushike mutoto." Akamweka Ariel mikononi mwake. "Na anasema huyu, Papa Ariel, hapana kuachia."